Pioni ya pembeni si ya bure



Kila mapumziko tunasikia wakubwa wa mchezo wa échecs wakituchekelea: « We mtoto, anzia katikati! » Ukisukuma pioni ya pembeni, umekwisha kuhesabiwa mujinga. Sisi tunakataa.

Muangalie Henri Grob wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka wa 1904 na kufa 1974. Alikuwa mchoraji wa picha, tena bingwa wa nchi yake. Alipenda kuanza na pioni ya g2 mpaka g4, jambo ambalo vitabu vingi vinakataza, sababu linamfungulia adui mlango karibu na mfalme. Aliandika habari za échecs katika gazeti moja la Zürich, na kwa njia ya barua alicheza na wasomaji maelfu ya michezo. Mingi alishinda.

Namna gani? Mweusi anajibu d7-d5. Mweupe anaweka « fou » yake g2. Mweusi anaona pioni ya g4 haina mulinzi, anaikula kwa « fou » yake ya c8. Kumbe ile ndiyo ilikuwa inalinda b7! Mweupe anasukuma c2-c4. Mweusi akikula tena, njia ndefu inafunguka: mweupe anakula b7, na « tour » ya a8 haina pa kukimbilia. Ulafi mara mbili, « tour » imekwenda.

Mutu atasema: mweusi akitulia na kucheza c7-c6, mutego haushiki. Ni kweli, hatufichi. Grob mwenyewe hakushinda yote.

Lakini tujiulize. Katika mchezo wa barua mutu ana siku nyingi za kufikiri, hakuna kelele, hata kitabu anaweza kufungua. Juu ya nini basi wengi walishindwa? Kwa maoni yetu, wengine waliona hatua ya kuchekesha, wakaacha kufikiri. Zarau ndiyo iliwaangusha.

Hatusemi kila mutu acheze g4. Anayeicheza kwa kujionyesha tu, naye amekosa. Tunaomba kitu kimoja: mbele ya kumucheka mwenzako, muulize, « Juu ya nini umecheza vile? » Akiwa na sababu, umejifunza. Akikosa, yeye atajifunza. Hata katika hesabu iko vile: mwenye kufika kwa njia yake, aulizwe njia kwanza.

Ni maoni yetu. Mwenye ya kwake, aandike.