USISHANGILIE UGONJWA WA NDUGU YAKO



Leo sina ujumbe wa kuandikiwa "Amina" haraka haraka. Soma hadi mwisho kwanza.

Kuna maneno yanazungushwa kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, hata lile la wamama wa maombi. Eti wanaume wanaolala na wanaume wameacha kondomu na sasa virusi vinawamaliza. Chini yake watu waliookoka wameandika "hukumu imefika" na kuweka alama za makofi. Mpendwa, ulikuwa unapiga makofi kwa nini hasa?

Msimamo wangu juu ya ndoa mnaujua. Nimeuhubiri madhabahuni na haujabadilika. Hapa nazungumza juu ya ugonjwa.

Ni kweli wengi wao wameacha kondomu, na jambo hili halikuanzia Nairobi. Miaka ya 1980 kule San Francisco, wanaume hawa walizika marafiki mfululizo. Hofu ile iliwabadilisha. Walitumia kondomu na maambukizi mapya yakashuka. Mwaka 1996 zikaja dawa za mseto, na watu waliokuwa wakingoja jeneza wakainuka kitandani. Hofu ikaondoka, kondomu nayo ikaanza kuachwa, na kufikia mwaka 2000 hivi kaswende ilikuwa imerudi San Francisco na London. Kijana wa miaka 22 wa Mombasa au Kisumu leo hajawahi kuona mtu akikonda kwa Ukimwi hadi mbavu zikahesabika. Sisi tuliozika watu kabla Rais Moi hajatangaza janga la kitaifa mwaka 1999 tunadhani kila mtu anakumbuka. Yeye atakumbuka nini, na hakuwa amezaliwa?

Halafu dawa zimekuwa nzuri, na hapa sitaki mtu aseme uongo kwa jina la Yesu. Kenya ilianza kutoa PrEP kwa upana mwaka 2017, na anayeimeza kama alivyoagizwa hupata kinga kubwa sana dhidi ya virusi. Aliye na virusi naye, akimeza ARV hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kuna utafiti uliochapishwa 2019 uliofuatilia karibu jozi 800 za wanaume wapenzi huko Ulaya, mmoja ana virusi na mwenzake hana. Hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake aliyekuwa kwenye dawa hivyo.

Lakini kidonge kilicho kwenye droo hakimkingi mtu. Na PrEP haizuii kaswende wala kisonono. Ninayemwogopea zaidi ni yule aliyetupa kondomu bila kuwa na PrEP wala kujua hali yake, kwa sababu tu amesikia siku hizi kuna dawa. Ndugu, kama ni wewe unasoma hapa kwa siri: mafuta ya kujipaka hupasua kondomu, tumia kilainishi cha maji. Ngozi ya ndani ya njia ya haja kubwa huchubuka upesi, ndiyo maana hatari yako ni kubwa kuliko ya wengine. (Mzee wa kanisa usikunje uso. Kitabu cha Walawi kina sura nzima za upele na usaha, na makuhani walitakiwa kuangalia.)

Sasa nirudi kwako uliyepiga makofi.

Huyu kijana PrEP anaipata kliniki. Kondomu, kilainishi na kipimo anavipata kliniki. Ni nani anamfukuza kliniki? Februari 2010 pale Mtwapa ulienea uvumi kwamba wanaume wawili wanafunga ndoa. Viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, wakapaza sauti. Umati ukazingira kituo cha afya cha KEMRI kilichokuwa kikitoa huduma za virusi, na watu wakapigwa. Harusi yenyewe hakuna aliyeiona. Unafikiri wiki iliyofuata ni nani aliyekuwa na ujasiri wa kwenda kuchukua dawa zake pale? Na wale waliokosa kwenda, virusi vyao vilikwenda wapi?

Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake. Vituo vingi vilivyowahudumia wanaume hawa kwa faragha vikafunga milango, na PrEP ya fedha za Marekani ikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Kwa hiyo amebaki na zahanati ya kawaida ya mtaani. Na pale kwenye dirisha la dawa ni nani ameketi? Ni dada yetu wa kwaya. Akimnong'oneza mwenzake na kucheka, kijana hatarudi tena. Dada, kama uko hapa, nakuomba kwa jina la Bwana ufunge mdomo wako na umpe dawa.

Wengine mnadhani moto uko nyumba ya jirani. Si wachache kati ya wanaume hawa walio na wake, tena wengine tuliwafungisha ndoa sisi wenyewe kwa sababu mama yao aliona ndoa "itamtengeneza". Mke anaketi safu ya tatu akiwa mjamzito. Kadiri unavyopiga kelele, ndivyo mume wake anavyozidi kujificha, na yeye ndiye atakayepewa majibu siku ya kliniki ya wajawazito. Hukumu hiyo unayoishangilia, umemwonyesha?

Msamaria wa Luka 10 hakumuuliza yule majeruhi alikuwa ametoka kufanya nini. Alitumia mafuta, divai, punda na pesa zake.

Na mtumishi yeyote anayewaambia watu waache ARV kwa sababu amewaombea, akutane na mimi. Tuombe, na dawa zimezwe usiku huo huo.

Wake zetu wajawazito, kubalini kupimwa, na mwende na waume zenu. Vijana, kama unaogopa kwenda zahanati peke yako, nitumie ujumbe kwa inbox. Nitakusindikiza hadi mlangoni, na sitakuuliza unalala na nani.