Mji Haukupotea

Wapo hata leo wapendao kuifuata, kwa vitabu au kwa miguu, njia ya Karl Mauch, yule Mjerumani aliyevuka mto Limpopo mwaka 1871 akiitafuta Ofiri, nchi ya dhahabu ya Mfalme Sulemani. Wafikapo mbele ya kuta za Zimbabwe Kuu, husema kwamba hapo ndipo mji uliopotea ulipogunduliwa. Sisi twalikataa neno hilo, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, kitu hupotea kwa mwenyewe. Je, mji huu ulipotea kwa nani? Wakaranga waliolima na kuchunga ng'ombe karibu nao waliujua. Mwindaji Adam Render alikuwa akikaa jirani kabla ya Mauch, naye ndiye aliyempa habari zake. Hata Mreno João de Barros, ingawa hakufika huko, alikwisha kuandika mwaka 1552 juu ya kuta za mawe zisizoungwa kwa chokaa. Aliyeongozwa mpaka mlangoni hawezi kusema ameigundua nyumba.

Tena wafanya biashara wa pwani yetu waliujua utajiri wake. Dhahabu ya bara ile ilishuka hata Sofala, ikapakiwa katika vyombo vya Kilwa. Na sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyetawala katika karne ya 14, imeonekana katika magofu yale. Ni nani afanyaye biashara na mji uliopotea?

Pili, Mauch alikwenda na jibu lake tayari. Alikata kibanzi cha boriti ya mlango, akakilinganisha na kalamu yake ya risasi; alipoona rangi na harufu zafanana, akakata shauri kwamba ni mwerezi wa Lebanoni, ulioletwa na Wafoinike, na kwamba jumba lile ni la Malkia wa Sheba. Wachunguzi waliomfuata walisema kuwa ni mti wa nchi ile ile. Biblia yaitaja Ofiri na dhahabu yake, lakini haisemi popote kwamba iko kusini ya Zambezi.

Kosa la mtu mmoja lingesahauliwa upesi, kama wengine wasingaliona faida ndani yake. Watu wa Cecil Rhodes walipoitwaa nchi mwaka 1890, iliwafaa sana kusema kwamba wajenzi walikuwa wageni, kwa maana asiyejenga kitu hadhulumiwi kitu. Mwaka 1902 Richard Hall aliwekwa kuyatunza magofu. Naye akachimba, akautupa udongo wenye vyombo vya Waafrika, akiuona kuwa ni takataka tu. Huyo ni kama kadhi awafukuzaye mashahidi, kisha atangaze kwamba ushahidi haupo.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Njia ya uwongo huu ilipita miaka 100, kwa kuwa ulibebwa na wenye mamlaka. David Randall-MacIver aliukanusha mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929. Wote wawili walichimba, wakaona kazi ya Waafrika. Hata hivyo serikali ya walowezi wa Rhodesia iliwasonga wataalamu waliosema kweli, na Peter Garlake akaiacha nchi mwaka 1970. Mwaka 1980 nchi ilipopata uhuru, ilijiita kwa jina la mji wenyewe.

Atasema mtu: Mauch alivumilia taabu nyingi, mbona mwamnyima sifa? Hatumnyimi. Lakini sifa ya msafiri ni moja, na sifa ya mjenzi ni nyingine, wala haifai ya pili kuitia mfukoni mwa wa kwanza.

Basi, atakaye kuifuata njia ya Mauch na aifuate, aone jinsi mtu awezavyo kusimama mbele ya ukuta asiuone. Nasi walimu, yatupasa kulifuta neno "aligundua" katika ubao. Mtoto na ajifunze kwanza kwamba mababu wa Washona waliujenga mji ule kwa mawe ya matale, kati ya karne ya 11 na ya 15, na kwamba ukuta wake mrefu wafika mita 11 kwenda juu. Akiisha kuyajua hayo, ndipo aambiwe habari za mgeni aliyepita mwaka 1871.