Manji alipoondoka, bakuli likaanza kutembea

Huku Sola, mkoani Simiyu, ukimtaja Berlusconi na AC Milan yake, Mwanayanga atakujibu: sisi tulikuwa na Manji. Kweli kabisa. Yusuf Manji, mfanyabiashara, diwani wa Mbagala Kuu, mwenyekiti wa Yanga tangu 2012. Ubingwa mara tatu mfululizo, 2015 hadi 2017, ni enzi zake. Mei 2017 akajiuzulu. Kilichofuata mnakijua: wachezaji wanadai mishahara, kocha Zahera anahimiza mashabiki wachange. Manji alifariki 2024, tukamlilia kwa haki. Lakini jamani, klabu ya tangu 1935, yenye watu mpaka huku kwenye pamba, iliishiwaje namna ile mtu mmoja alipofunga pochi? Leo yupo GSM, tunachekelea tu. Ada ya uanachama mmelipa wangapi?