Tuhuma si Hukumu

Mwaka 2022, kwa mara ya kumi na ya mwisho, waandishi wa habari za besiboli nchini Marekani waliwanyima Barry Bonds na Roger Clemens kura za kutosha kuingia katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, lililoko Cooperstown. Sharti ni asilimia 75; Bonds alipata 66 na Clemens 65.2. Wote wawili walituhumiwa kutumia dawa za kuongeza nguvu, na wote walikana kuzitumia kwa kujua.

Sisi hatuwatetei wadanganyifu. Dawa hizo huharibu afya na kuwadhulumu wachezaji waaminifu. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba upimaji wenye adhabu ulianza mwaka 2004 tu, baada ya rekodi nyingi kuvunjwa. Bud Selig, aliyeongoza mchezo huo wakati wa ulegevu, yeye aliingizwa katika Jumba mwaka 2017. Naye David Ortiz, ambaye magazeti yalimtaja katika tuhuma kama hizo mwaka 2009, alichaguliwa mwaka ule ule Bonds alipokataliwa.

Ni haki gani hii inayomtukuza mlinzi aliyesinzia na kupima watuhumiwa kwa mizani tofauti? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenye mamlaka, katika michezo na katika shughuli zote za umma, hawana budi kuweka sheria mapema, kuchunguza kwa uwazi na kuadhibu kwa ushahidi. Wasiwaachie wapiga kura kazi ya mahakama.