Bonde la Msimbazi: Shauri Litangulie Nyundo

KILA masika yanapokaribia, mitaa iliyolizunguka bonde la Mto Msimbazi, mkoani Dar es Salaam, hurejea katika mjadala ule ule: nani ahame, nani alipe, aliyehama aende wapi, na ardhi aliyoiacha iwe ya nani. Mjadala huo husikika katika mikutano ya mitaa ya Jangwani, Mchikichini, Kigogo na Hananasif, na huendelea katika vibaraza vya kahawa baada ya mikutano kufungwa. Wapo viongozi wanaouhesabu kuwa ni kelele za watu wasiopenda maendeleo. Sisi hatuuhesabu hivyo. Hiyo ni kazi halali ya wananchi, na kasoro yake kubwa ni kwamba kila mara huitishwa ikiwa imechelewa.

Hapana budi tukumbushane yaliyopita. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa iliunyeshea mji, mito ikafurika, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha na maelfu wakabaki bila makazi. Serikali iliwapatia waathirika viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Wengi walikwenda. Lakini haukupita muda mrefu, moshi wa jikoni ukaonekana tena bondeni. Baadhi ya waliohamishwa walikuwa wamerejea, na waliokuwa hawajapata kuishi pale walikuwa wamekuja kushika nafasi. Tangu wakati huo Barabara ya Morogoro imefungwa mara nyingi pale Jangwani kwa sababu ya maji, na mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yamejikuta yamezingirwa na mafuriko katika kituo yalichojengewa bondeni humo humo.

Jambo hilo la mwisho lina maana yake. Husemwa kwamba waliojenga bondeni ni watu wakaidi wasiosikia la mkuu. Lakini kama taasisi zenye wahandisi na ramani nazo zilijenga pale pale, basi ukaidi haukuwa wa fukara peke yake. Mwenye kumlaumu jirani kwa kujenga njiani mwa maji, na atazame kwanza msingi wa nyumba yake mwenyewe.

Watu walifikaje bondeni? Walifika kwa sababu mji ulikua upesi kuliko viwanja vilivyopimwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam; sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Katika miaka kumi tu, zaidi ya watu milioni moja waliongezeka, na kila mmoja wao alihitaji mahali pa kulaza ubavu. Asiyekuwa na uwezo wa kununua kiwanja kilichopimwa alikwenda palipokuwa na bei nafuu na karibu na riziki. Bonde lilikuwa na sifa hizo mbili, kwa kuwa Kariakoo iko umbali wa kutembea kwa miguu. Alipokwisha kujenga, aliletewa nguzo ya umeme, akaandikishwa kupiga kura, na kiongozi akaja kumwomba kura hiyo. Mtu akitendewa hayo kwa miaka ishirini, si ajabu akiamini kwamba yuko kwake kwa halali.

Sheria, hata hivyo, iko wazi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaitambua ardhi hatarishi, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo hiyo ya Ardhi inasema kwamba mtu akiondolewa kwenye haki yake, alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Hizi ni nguzo mbili za nyumba moja. Asiwepo wa kuishika ile ya kwanza na kuiangusha ya pili.

Katika mikutano ya mitaa tunasikia sauti tatu. Ya kwanza ni ya mwenye nyumba, anayesema atahama, ila apewe thamani ya kujenga kwingine na si thamani ya kubeba mabati. Ya pili ni ya mzee aliyezaliwa hapo, anayekumbuka mto ukiwa na maji ya kuoga. Yeye anauliza kwa nini auhame mto ambao wengine ndio waliouchafua. Ya tatu ni ya mpangaji, na hii husikika kwa shida kuliko zote. Kwa desturi mthamini huhesabu ukuta na mti, na mpangaji hana ukuta wala mti. Ana kitanda, watoto wanaosoma shule ya karibu, na genge la biashara ambalo wateja wake wamo umbali wa hatua mia. Nyumba ikibomolewa, mwenyewe huondoka na hundi. Mpangaji huondoka na godoro kichwani. Hali nyumba nyingi za bondeni zina wapangaji wengi kuliko wenye nyumba.

Sisi tunasema bila kuficha: bonde lirudishwe kwa mto. Maji hayana mkutano wala akidi, na hayasikilizi hoja ya mtu hata ikiwa ya haki. Mzazi anayelala na watoto wake pale usiku wa masika hana anachokitetea kilicho na thamani kupita roho za watoto hao. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde hilo, ikiwa ni pamoja na daraja la Jangwani, upanuzi wa njia ya maji na bustani ya mji. Deni hilo litalipwa na Watanzania wote, wakiwamo waliohama. Ndiyo maana tunataka wasikilizwe kama wenye mali, wala wasichukuliwe kuwa ni takataka za kufagiwa.

Historia ya mji huu ina mafunzo tusiyopaswa kuyasahau. Katika miaka ya 1960 ilidhaniwa kwamba dawa ya makazi duni ni kuyabomoa na kujenga mapya. Ilipofika mwaka 1972 ilionekana kwamba nyumba zilizobomolewa ni nyingi mno kwa fedha ya kujengea nyingine, na siasa ikageuzwa. Ndipo Manzese ikaboreshwa watu wakiwa mumo humo, na Sinza na Kijitonyama zikapimwa viwanja, njia na mifereji kabla ya watu kujenga. Leo atembeaye Sinza huziona njia zilizochorwa wakati huo zingali njia. Serikali ilipotangulia na kamba ya kupimia, mwananchi alifuata na tofali. Ilipochelewa, mwananchi alitangulia, na Serikali ikafuata na nyundo.

Kuna na funzo la Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa pale zikiahidiwa nyumba bora. Zilingoja takriban miaka kumi, hata majengo mapya yalipofunguliwa mwaka 2022 nazo zikarejeshwa. Ahadi ilitimia, na tunashukuru. Lakini mtoto aliyeondoka akiwa darasa la kwanza alirudi akiwa kijana wa kidato. Ahadi iliyocheleweshwa kiasi hicho huwafanya wa bondeni wasiiamini inayofuata, na hapo ndipo ugumu wao tunaouita ukaidi unapozaliwa.

Basi nini kifanyike? Kwanza, mkutano wa mtaa utangulie bikoni na alama nyekundu za ukutani. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kukaa katika mkutano huo, awe na nyumba au asiwe nayo. Muhtasari uandikwe, usomwe mbele ya watu na ubandikwe ofisini. Mkutano unaoitishwa ili kuwaarifu watu neno lililokwisha kutiwa saini kwingine si mkutano. Huo ni mbiu ya mgambo.

Pili, mahali pa kuhamia pachaguliwe kwa kuzingatia riziki. Mama anayeuza vitumbua Kariakoo alfajiri hawezi kuishi Mabwepande na biashara yake ikaendelea kuwa hai. Nauli itakula mtaji kabla ya mwezi kwisha, naye atarudi bondeni kwa sababu ya hesabu tu. Mpangaji naye afikiriwe, walau apate kodi ya miezi kadhaa na muda wa kumhamisha mtoto shule bila kumkatiza muhula.

Tatu, mjadala uvuke mipaka ya mtaa. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, hata baharini karibu na Daraja la Salender. Anayekata miti vilimani, anayechimba mchanga mtoni na anayemwaga taka mtaroni usiku hawaitwi katika mkutano wa Jangwani, ingawa matendo yao yote yanafika Jangwani. Tunashauri mitaa yote ya mto huo, ya juu na ya chini, ikae kikao kimoja kila mwaka kabla ya masika, na kila mmoja aeleze alichokifanya upande wake.

Na wananchi nao wana wajibu. Haifai mtu kudai mfereji kutoka kwa Serikali kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akautupia mfereji huo mfuko wa taka. Wala haifai aliyelipwa fidia akamuuzia mwenzake kipande kile kile gizani. Huo ni udanganyifu, na maji yatakapokuja yatamkuta mnunuzi, ilhali muuzaji kesha kwenda zake.

Neno letu la mwisho ni kwa viongozi wenzetu, wa Chama na wa Serikali. Wazee wetu walitufunza kwamba shauri huja kabla ya azimio, na azimio likishapita watu husimama pamoja. Tukiugeuza utaratibu huo, tukaazimia kwanza na kushauriana baadaye, tusishangae tukibaki tumesimama peke yetu. Kiongozi asiogope mkutano wenye maswali makali, maana watu wanaouliza bado wanatumaini kujibiwa. Aogope siku mtaa utakaponyamaza, kila mtu akafunga mlango wake na kungoja ama tingatinga au mafuriko, asijue kipi kitatangulia.

Bonde lirudishwe kwa mto. Lakini watu wa bonde wasitupwe. Waondoke wakijua waendako, na wawe wamepachagua wenyewe.