Video hufunza mikono. Ulimi utafunzwa na nani?

Likizo ya Agosti iliyopita nilikwenda nyumbani Kangundo kumjulia hali mama yangu. Jioni moja baada ya chajio, mtoto wa kaka yangu, kijana wa kidato cha tatu, alisogeza meza ndogo mbele ya nyanya yake, akatoa mfukoni karata zilizochakaa pembe, kisha akaanza kunena kwa Kiingereza. Hakikuwa Kiingereza cha darasani. Kilikuwa cha Kimarekani, chenye mizaha iliyofuatana bila kungoja kicheko cha mtu, na hakuna aliyecheka. Mama alichagua karata moja, saba ya kopa. Kijana akaifukia katikati ya pakiti, akagonga juu kwa kidole, akafunua: saba ya kopa ilikuwa juu. Akaifukia tena, ikapanda tena. Mara ya tatu mama alijitanda leso yake, akamtaja Mungu kwa Kikamba, akauliza, "Vitu hivi umepewa na nani?"

Asubuhi yake alimwita kaka yangu na kumwambia kwamba mtoto apelekwe kuombewa.

Ningalicheka, lau si habari niliyopewa baadaye. Muhula uliotangulia, kijana huyo alikuwa amepokonywa karata zake shuleni, zikachomwa moto mbele ya gwaride la asubuhi kwa madai kwamba zinaleta ushirikina na kamari. Shule yenyewe siitaji. Tangu siku hiyo wenzake wakampa jina la Kamuti. Msomaji asiyetoka Ukambani yafaa aelezwe kwamba kamuti ni ile hirizi ambayo Wakenya wa makabila mengine hututania nayo sisi Wakamba, eti kila mmoja wetu anayo kwapani. Mzaha huo tumeuzoea tukiwa watu wazima. Mvulana wa miaka kumi na saba anayekaa peke yake wakati wa chakula hawezi kuuzoea.

Nilimwuliza ni nani mwalimu wake. Akanionyesha simu ya baba yake. Kwa mwaka mmoja na zaidi, kila likizo, amekuwa akitazama katika YouTube mafunzo ya wacheza karata wa ng'ambo, aghalabu usiku, akiihesabu bando kama mpishi anavyohesabu vijiko vya mafuta mwisho wa mwezi. Mbinu mojawapo ya mchezo aliotufanyia ni kuinua karata mbili kwa pamoja kana kwamba ni moja. Kuisema ni rahisi. Kuifanya kunataka kidole kidogo kishike mwanya mwembamba nyuma ya pakiti pasipo mtu kuuona, kidole gumba kilegee, na karata zile mbili zisiachane hata kwa upana wa unywele. Mimi nilijaribu, zikanimwagikia mapajani. Yeye aliniambia kwamba aliipunguza video hadi robo ya kasi yake, akakirudia kipande cha sekunde nne jioni nzima. Walimu wenzangu, ni wanafunzi wetu wangapi waliowahi kurudia sentensi moja ya insha jioni nzima?

Hapo ndipo ninapotaka kusema kwamba video ni mwalimu hodari, na wanaoibeza hawajaijaribu. Zamani sanaa hii ilifunzwa kwa kuegemea bega la bingwa, au kwa kitabu. Kitabu mashuhuri kuliko vyote kuhusu ustadi wa mikono juu ya karata kilitolewa Chicago mwaka 1902 na mtu aliyejiita S. W. Erdnase, ambaye hadi leo wataalamu hawakubaliani alikuwa nani. Ni kitabu kigumu, chenye michoro takribani mia moja na maelezo ya kila kiungo cha kidole. Dai Vernon, mzaliwa wa Ottawa mwaka 1894, alikisoma akiwa mtoto hadi kikamwingia damuni. Mwaka 1922, huko Chicago, alimfanyia Harry Houdini mchezo wa jinsi ileile aliyotufanyia mtoto wetu, yaani karata inayofukiwa katikati na kurudi juu. Houdini, aliyekuwa akijigamba kwamba jambo lolote akionyeshwa mara tatu atalijua, alishindwa. Miaka ya 1980 na 1990 zikaja kaseti za video za mafunzo, japo wakati huo sisi wa Tala na Kangundo tulizijua kaseti kwa ajili ya Bruce Lee tu, tena kwa kiingilio katika kibanda cha mabati.

Hata hivyo video ina ila zake, na kijana aliniorodheshea mwenyewe bila kuulizwa. Kwanza, mwalimu anakukabili, kwa hivyo mkono wake wa kulia u upande wako wa kushoto. Miezi miwili ya mwanzo alijifunza mchezo mzima kinyumenyume kama mtu anayenyoa ndevu kwa kioo cha mwenziwe. Pili, kamera ni jicho moja lililokaa mahali pamoja, ilhali watazamaji wa Kangundo husimama pande zote, na watoto huchungulia kwa nyuma. Tatu, mchezo mmoja aliohangaika nao wiki nzima haukuwahi kufanywa na mkono wa binadamu. Ulikuwa umekatwa na kuungwa na mhariri wa picha.

Ila ya nne hakuitaja, nami ndiyo iliyonikereketa, labda kwa sababu ya kazi yangu ya isimu. Asomaye kitabu hulazimika kutafuta maneno yake mwenyewe, kwa kuwa kitabu hakina sauti. Mwenye kutazama video humeza mikono na ulimi kwa pamoja. Kijana wetu hakuwa akizungumza na nyanya yake hata kidogo. Alikuwa akikariri mtu mwingine, aliyekuwa akizungumza na watu wengine, katika ukumbi mwingine. Mama yangu alisikia maneno asiyoyaelewa yakifuatiwa na jambo asiloliweza kulieleza. Sasa niambieni, katika uzoefu wa mwanamke wa umri wake, maneno yasiyoeleweka yanayofuatiwa na maajabu huitwaje?

Mhispania Juan Tamariz, bingwa wa karata aliyezaliwa mwaka 1942, ameandika kwamba mfanya mazingaombwe ana zana tano: macho, sauti, mikono, miguu na mwili. Mikono ni moja katika tano. Mwargentina René Lavand, aliyeishi tangu 1928 hadi 2015, alipoteza mkono wake wa kulia katika ajali akiwa mtoto wa miaka tisa. Hapakuwa na kitabu cha kumfunza mtu wa mkono mmoja, akajibunia mbinu zake zote. Na aliyemwona akicheza alikumbuka visa alivyosimulia, taratibu, kwa Kihispania cha kwao, kabla ya kukumbuka karata. Swali ulilomwuliza mtazamaji humfanya ainue macho yake akutazame usoni, na katika nusu sekunde hiyo vidole hufanya vitakalo. Hiyo ni sarufi ya mazungumzo. Anayemwuliza mtu swali kwa lugha ambayo haimwinui macho amejinyima zana yake kubwa kabisa.

Lakini jambo lenyewe ni zito kuliko ufundi wa jukwaani. Mikono ileile inayoinua karata mbili kama moja imo katika kazi tatu tofauti nchini mwetu.

Wa kwanza ni yule wa pata potea. Nani aliyekulia Kenya asiyemjua? Karata tatu juu ya boksi, moja nyekundu, na wenzake wawili watatu wanaojifanya wapita njia na "kushinda" kwanza. Siri yake ni kushika karata mbili kwa mkono mmoja, akaonekana kuitupa ya chini kumbe ametupa ya juu. Mbinu ya mchezo huu imeelezwa hata katika kile kitabu cha 1902. Nilipokuwa mtoto, jirani yetu mmoja alipokea malipo yake ya kahawa ya msimu mzima, akaenda nayo Nairobi kununua mabati, na karibu na kituo cha mabasi yakaishia juu ya boksi kama hilo. Nyumba ile ilikaa na nyasi miaka mingine miwili.

Wa pili ni mwenye miujiza ya kuuza. Mwaka 2014 runinga moja nchini ilirusha taarifa ya uchunguzi iliyoonyesha jinsi mhubiri mmoja alivyotumia pamanganeti ya potasiamu kugeuza maji ya kuoshea miguu yawe mekundu, na waumini wakaaminishwa kwamba ni damu inayotoka kwa maombi. Hiyo haikuwa karata, lakini ni kazi ya ukoo mmoja. Mwalimu yeyote wa kemia angeweza kuifanya darasani kabla ya kengele.

Wa tatu ni mchezaji. Mikono yake inaweza kufanana kabisa na ya wale wawili. Tofauti yao iko katika usemi. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na ambayo ilichapishwa mwaka 1962, alitufunza kwamba kusema ni kutenda: kuahidi, kuonya, kubashiri, kuapa. Wa pata potea anaahidi: utashinda. Mwenye miujiza anashuhudia: hii ni nguvu. Mchezaji anaonya: nitakudanganya, nitazame vizuri. Ni mdanganyifu wa pekee anayeomba ruhusa kwanza. Basi mtoto akifunzwa mikono na asifunzwe kutamka onyo hilo kwa lugha inayomfikia msikilizaji wake, ameachwa njia panda, na sisi tuliomchomea karata ndio tuliomwacha hapo.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kimelijua jambo hili kabla yetu. Kazi hii tunaiita kiinimacho. Tazama neno lilivyojengwa: limetaja jicho la mtazamaji, halikutaja jini wala pepo. Nazo karata, ambazo vijana siku hizi huziita kadi, zimekaa kwetu muda mrefu. Karata ni neno la Kireno, na turufu vilevile. Shupaza, kopa, uru na pau, majina ya aina nne za karata, yote ni ya Kireno, masalio ya wale mabaharia waliofika pwani yetu tangu 1498. Mwanafunzi wangu mmoja wa chuo kikuu, anayezijua karata kwa Kiingereza barabara, hakupata kuyasikia hata moja.

Wala hofu ya mama yangu si ya Wakamba peke yao, kama wenye mzaha wa kamuti wanavyodhani. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot, mtu wa Kent, alichapisha kitabu cha kupinga imani ya uchawi kwa sababu katika nchi yake watu, wengi wao vikongwe maskini, walikuwa wakinyongwa kwa tuhuma hiyo. Ndani yake alieleza jinsi michezo ya sarafu na karata inavyofanywa, ili hakimu na jirani waone kwamba la kushangaza si lazima liwe la kishetani. Alifahamu kwamba siri moja ikifunuliwa hadharani hupunguza woga kuliko mahubiri kumi.

Nawaomba walimu wa Kangundo, na wa kwingineko, wampe mtoto wa namna hii dakika kumi na tano. Afanye mchezo mmoja, kisha aeleze siri ya mmoja ulio mwepesi, kwa mfano ule wa kuiona kwa siri karata ya chini ya pakiti, ukaiweka juu ya karata iliyochaguliwa na kuitumia kama alama ya kuitafutia. Darasa lililoona hilo litamwuliza muuza miujiza maswali mengine. Mwalimu wa hisabati naye hatakosa la kusema: karata 52 zinaweza kupangwa kwa njia nyingi kiasi cha 8 ikifuatwa na sufuri 67, na Persi Diaconis, aliyetoroka kwao akiwa na miaka kumi na minne ili asafiri na yule Vernon, alionyesha pamoja na Dave Bayer mwaka 1992 kwamba kuchanga karata mara saba kwa kuziingiliza nusu kwa nusu kwatosha kuzichanganya vyema. Mwenye tamasha za drama atamtia ndani ya masimulizi. Hofu ya kamari naielewa, na ni ya haki. Lakini kamari inayomaliza vijana wetu leo imo ndani ya simu, nayo haihitaji karata.

Nilikaa Kangundo siku nne zaidi. Nilimwomba kijana aache Kiingereza chote na amwulize nyanya yake karata zile ziitwe nini. Mama alikataa kuzigusa, halafu akazitazama kwa mbali, halafu akavaa miwani. Shupaza alisema ni jembe. Kopa ni moyo, hilo halikuwa na mjadala. Pau, kwa vijani vyake vitatu, aliita jani la kunde. Uru ulimtatiza kidogo, kisha akanyosha kidole kwenye kiondo chake ukutani: ni lile urembo la ubavuni. Jioni kijana aliileta tena ile meza. Alisema kwa Kikamba, "Nyanya, leo nitakudanganya. Ukinikamata, nitakuchotea maji wiki nzima." Saba ya kopa ikawa msichana mkaidi anayetumwa mtoni kila asubuhi na kukutwa nyumbani kabla mtungi haujajaa. Sauti ilimtetemeka, na kidole kikamteleza mara moja nami nikaona. Mama hakuona. Aliinama mbele, akakishika kifundo cha mkono wa mjukuu wake, akakunja mkono wa shati lake hadi kwenye kiwiko, asikute kitu.

"Mwongo mkubwa wewe!" akasema, akicheka hadi machozi. "Rudia."

Kesho yake asubuhi alimtuma mtoto amwite jirani, aje naye adanganywe.