Nyuki Asiyerudi Mzingani

Mwaka 2008, katika bonde la mto Rhine kusini mwa Ujerumani, wakulima walipanda mahindi yaliyopakwa dawa ya kuulia wadudu iitwayo klothianidini, nayo kwa kuwa haikushika vyema juu ya mbegu, ikapeperushwa na mashine za kupandia, ikachukuliwa na upepo hadi kwenye maua ya jirani, na mizinga zaidi ya 11,000 ikapatwa na msiba. Mizoga ya nyuki ilitapakaa mbele ya mizinga, na serikali haikukawia kusimamisha idhini.

Msiba wa namna hiyo, pamoja na ukubwa wake, ni mwepesi kuukatia hukumu. Linalonishughulisha mimi ni dhara lisiloacha maiti. Dawa za jamii hii, zinazotenda mfano wa nikotini ya tumbaku, hazikai juu ya jani zikangoja mvua izioshe, bali huingia katika utomvu wa mmea zikafika kwenye chavua na mbochi, na huko nyuki huzila kwa kiasi kidogo kisichomwua, ila chatosha kumvuruga fahamu. Mwaka 2012 mtaalamu wa Kifaransa Mickaël Henry na wenzake walieleza jinsi walivyowabandika nyuki mgongoni alama za kuwatambua kwa mitambo, wakawanywesha baadhi yao maji ya sukari yenye chembe ya dawa, kisha wakawaachilia mbali na mzinga. Na katika waliokunywa, waliopotea njia walizidi sana wenzao. Mzinga unaopoteza wachumaji wake hivyo, siku baada ya siku, hudhoofika pasipo mtu kuokota mzoga hata mmoja.

Basi nakhitilafiana na wasemao kwamba dawa ikijaribiwa isionekane kuua, ni salama. Hata ile nasaha tunayopewa, ya kunyunyiza jioni nyuki wakiisha kurudi, ambayo ni njema kwa dawa zinazopoteza nguvu usiku kucha, haifai kitu kwa dawa iliyomo ndani ya utomvu, maana kwake adhuhuri na magharibi ni mamoja.

Umoja wa Ulaya ulizizuia kwa sehemu dawa tatu za jamii hii mwaka 2013, na mwaka 2018 ukazipiga marufuku mashambani, ukizibakiza katika vibanda vya kudumu vya kuoteshea mimea tu. Viwanda vyake, hata hivyo, havikukatazwa kuziuza ng'ambo, na mojawapo, imidaklopridi, imekuwa ikiuzwa katika maduka yetu ya pembejeo, Tanzania na Kenya. Sikusudii kumlaumu mkulima wa nyanya, ambaye inzi weupe humla mtaji wake machoni pake. Yeye hununua alichouziwa, na aghalabu kwa kibandiko asichoweza kukisoma.

Lakini mkoa wa Tabora, wenye sifa ya asali ya miombo, ndio huo huo ulimao tumbaku na pamba, na warina asali wake wana haki ya kuulizwa kabla dawa haijaidhinishwa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na imtake kila mwenye kuomba idhini alete ushahidi, si wa nyuki wangapi walikufa, bali wa wangapi walirudi, na onyo juu ya nyuki liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mbele ya chupa.